Rangi za Harusi ya Shangazi

Wiki iliyopita fundi mmoja wa mjini alinihamishia kaseti yetu ya zamani ya video kwenye simu, na hasira ya utotoni ikanipanda upya.

Shangazi ndiye aliyeituma kutoka Amerika, tuone harusi yake. Mchana ule sebule ilijaa ndugu na harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Baba aliniambia nibonyeze kitufe cha deki. Nikabonyeza, wakatokea maharusi wa kijivu, wakitetemeka.

"We mutoto! Umeharibisha rangi yote!" Baba akafoka.

Kofi lake likanipata mbele ya wageni. Nami nikaamini. Nilikwenda kunawa vidole kwa sabuni, nikizitafuta rangi kwenye povu.

Kumbe, fundi alinieleza, kaseti za Amerika zilikuwa na mtindo wake, televisheni zetu na wake; zikikutana, rangi hupotea. Hakuna mtu mzima aliyejua, lakini mwenye kosa walimpata mara moja!

Jumapili nilimwonyesha Baba harusi ile kwenye simu, rangi zote zikiwaka. Nikamweleza polepole kilichotokea siku ile. Akatazama mpaka mwisho.

"Kumbe maua yake ilikuwa nyekundu, hein!"

Nikangoja neno langu, hata la samahani tu. Akaniambia nibonyeze tena, aone tangu mwanzo.