Mzee wa Hesabu ya Mbili

Pale sokoni Msamvu, muuzaji alinifungulia mfuko wa karafuu ninuse, harufu ikanirudisha Kinole, miaka mingi nyuma, mbele ya mkeka wetu wa kuanikia karafuu.

Baba alikuwa amelala juu yake, karafuu zikiwa zimesukumwa pembeni. Sote wawili tulikuwa mashabiki wa mieleka. Kila Jumapili tulienda banda la video, na huko ndiko nilikopata ugonjwa wa uchambuzi. Chuo kikuu kiliukomaza tu. Nilishabikia wenye vifua vinavyong'aa. Baba alimpenda mzee mmoja mwenye kitambi, aliyepigwa karibu pambano zima.

"Huyu wako kazi yake kulala," nilimkejeli.

"Ngoja mwamuzi afike mbili," alisema baba.

Na kweli. Kwenye mieleka, mabega yakibanwa chini mwamuzi hupiga sakafu akihesabu, akifika tatu umeshindwa, lakini yule mzee alinyanyua bega kila mara kwenye mbili.

Siku hiyo alipolala mkekani, baba alikuwa mgonjwa, hajala kwa siku kadhaa. Nilipiga magoti kando yake, nikaupiga mkeka kwa kiganja.

"Moja."

Alitabasamu, akiwa amefumba macho.

"Mbili."

Nililitazama bega lake; halikunyanyuka. Nikangoja, mkono ukiwa juu. Mama aliingia na uji, akamwangalia baba kwa muda mrefu, kisha akaweka bakuli chini.

"Toka nje, mwanangu."

Nilitoka, mkono ungali juu.

"Nikupimie vikombe vitatu, mzee?" aliuliza muuzaji pale Msamvu, mfuko ungali wazi.

"Viwili," nikasema.