Lukumbi Si Kuni

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, hapa Kindu, kuni zilipotuishia. Nilikuwa mukamwana mupya kwa Mama Salima, mama mkwe wangu. Kwenda porini hakukuwezekana, wenye bunduki walikaa njiani. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa chunguni mbichi, na sombe mbichi, unajua, ni sumu. Watoto wa nyumba ile wanalia.

Uani ililala lukumbi ya ukoo, ile ngoma ya gogo lililotobolewa, isiyo na ngozi. Aliichonga mzee Kabambi kule Pangi. Tuliigeuza kifudifudi, maana ngoma zilikatazwa zisipeleke habari. Wenye bunduki wenyewe walikuja kuikalia wakivuta sigara, wakidhani kiti! Tulicheka moyoni.

Njaa haina macho. Mimi nikaona gogo kavu, nikashika shoka.

“Weye, mukamwana! Unataka kupikia jina letu?”

“Mama, watoto wana njaa. Hii njo mti tu.”

“Mti? Basi anza na kitanda changu, kile njo mti. Hii inajua kuita Kabambi, Asumani, Ramazani, na wale utazaa.” Akatoa godoro mwenyewe. “Kata! Ao shoka ni ya kutishia wazee?”

Nikakata. Sombe ikaiva, watoto wakala. Mama Salima akalala chini mpaka vita ikaisha, hakulalamika. Mgongo tu njo ulilalamika.

Sasa mjini wamefungua nyumba ya makumbusho ya Maniema: vinyago, mikeka, vyungu, hata baiskeli za kupambwa. Nikapeleka lukumbi. Kijana mlinzi akaizungushia kamba.

“Koko,” akaniita, yaani bibi, “hapa hatugusi.”

“Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini ngoma isiyopigwa inaoza. Leta fimbo.”

“Koko, tunafunga.”

“Funga. Kesho mutanikuta ndani.”

Akacheka, akaleta fimbo. Nikamuuliza ukoo wake. Ni wa Kailo, naujua. Nikaupiga, mwito wake mrefu, mpaka wapita njia wakasimama. Kijana akafungua kamba kwa mkono wake, akasema, “Nifundishe.”

Basi sikia, mwanangu. Peleka vitu vya wazee makumbusho, vilindwe dhidi ya mvua na wezi. Lakini usiviache bubu. Kinyago kichezwe, mkeka ufundishwe kusukwa, jina lipigwe. Na njaa ikikubana, kata kitanda chako kwanza.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na siku ukiitwa, uwe na sikio la kusikia. Amina.