Buhuri ya Mashine

Majina yao nayajua mpaka ya baba zao, lakini hapa nitawaita kwa kazi zao: msimamizi wa karakana ya Jeddah, mwenye karakana hiyo, na wa tatu ni mimi. Sisi watatu ndio tuliomharibia mwenzangu kifua.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Mombasa kama mimi, tukikereza chuma, mashine zetu ubavu kwa ubavu. Chuma kikikatwa hupata moto, kwa hiyo humwagiwa maji yaliyotiwa mafuta, meupe kama tui. Mashine ikishika kasi, tui hilo huruka likawa ukungu, na ukungu huo tulikuwa tukiuvuta kutwa. Siku za mwanzo tulimuuliza msimamizi ni kitu gani. Akapunga mkono: "Bukhar. Bukhar bas, mafi mushkila." Alisema ni mvuke tu, hauna tabu. Masikio yetu ya pwani yakasikia buhuri, ile ya kufukizia nguo. Basi tukacheka! Mwenzangu akavua shati, akalitandaza juu ya mashine kama anayefukiza kanzu ya harusi.

"Nifukize vizuri, ndugu yangu, leo naoa."

Nami nikampepea. Kwa mikono yangu hii.

Kifuniko cha mashine kilikuwepo. Mwenye karakana alikifungia stoo kwa sababu, ati, kinachelewesha kazi. Baada ya miaka mitatu mwenzangu alirudishwa kwao, kifua kikipiga filimbi. Mimi nikapata kafili mwingine wa kunidhamini kazini, Riyadh, na mashine nyingine isiyo na kifuniko. Mwezi wa pili nikaamka na kikohozi kile kile. Nikasema hapana. Mimi kwetu sirudi hivyo.

Shule niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Nilishaona jinsi wavu ulio juu ya jiko la gesi unavyonasa mafuta ya kukaangia. Dada mmoja wa kwetu anafanya kazi za nyumbani mtaa wa Malaz, na madam wake alikuwa akibadilisha jiko. Nikamwomba zile nyavu kuukuu.

"We kaka, vichujio vya jiko vya nini? Umefungua hoteli huko mtaani kwako Shumaisi?"

"Nataka kuchuja pumzi."

"Haya, njoo na mfuko. Vinanuka samaki."

Nikaokota ndoo ya rangi, feni ya kipoza hewa kibovu na bomba la kujikunja, mdomo wa bomba nikauelekeza pale kisu kinapokata. Kosa langu, niliweka feni mbele, vichujio nyuma yake. Feni ikaumeza ukungu, ikautema kila penye ufa, na aliyekuwa akipita ni msimamizi wa hapa Riyadh na kanzu yake nyeupe. Akatoka na madoa kama chui.

"Yalla, ondoa uchafu huu!"

"Nipe mpaka Alhamisi, bosi."

"Alhamisi. Halafu halas, inakwenda kwenye chuma chakavu."

Nikaigeuza. Vichujio kwanza, vitatu, matundu yasilingane, na katikati yake nikajaza sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Feni nikaipeleka mwisho, upande mkavu, ivute badala ya kusukuma. Chini ya ndoo nikatoboa tundu, nikaunga mpira mwembamba mpaka kwenye chupa tupu ya maji. Jumatano nikaiwasha. Ukungu ukainama, ukaingia bombani kama mtoto aliyeitwa na mamake. Mara chupani tone, tone jingine.

Alhamisi msimamizi akaja na uso wake. "Vyote hivi kwa ajili ya bukhar?"

Nikamwekea chupa mezani. Ilikuwa imefika nusu, tui la kijivu lenye vumbi la chuma.

"Bukhar ndiyo hiyo, bosi. Onja."

Aliitazama, akaisukuma mbali kwa kidole. "Tengeneza na ya mashine ya pili."

Siku hizi huwaonyesha wageni ndoo zangu na kusema ni akili yake. Na aseme. Chupa ile niliipiga picha, nikamtumia mwenzangu Mombasa. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, akipumzika kila maneno mawili:

"Kumbe ile... buhuri yetu... ilikuwa na maji."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nilikisikiliza mpaka kikaisha. Kisha nikaenda kuimwaga chupa, nikairudisha chini ya ndoo, nikawasha mashine.