Sauti ya Jumamosi

Kazi ya Fundi haikuwa na shukrani. Sauti ikitoka vizuri, watu humsifu mwimbaji. Ikikoroma, ukumbi mzima hugeuza shingo kukitazama kile kichumba cha kioo nyuma ya viti vya mwisho, alimokaa na vitufe vyake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa humo, akisimamia vipaza sauti vya kikundi kilichoonyesha michezo ya nyimbo Jumamosi na Jumapili alasiri, na hali hiyo alishaizoea. Kilichomshinda kilikuwa sebuleni kwake.

Mkewe, karani wa masjala ya hospitali, ndiye aliyewaongoza mashabiki wa mwigizaji mkuu, mwanamama waliyembandika jina la Zumari. Wenzake walimwita Mwenyekiti, na cheo hicho kikamfuata hadi nyumbani. Hata mumewe alimwita hivyo. Kila Jumatatu akitoka kazini, mashabiki watano sita walijibana kwenye makochi yake wakachambua onyesho. Muuza vitambaa mmoja, mwanamume mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, aliapa kwamba hakuna mwingine anayeweza kuimba vile papo kwa papo, mbele ya watu. Wakishamaliza kumsifu Zumari walimhamia binti wa mwongozaji, aliyepewa nafasi hiyohiyo siku za Jumapili. Hawakuwahi kwenda kumsikiliza. Walimwita Mtoto wa Mgongoni, kwa kuwa, walisema, baba yake kambeba mchana kweupe.

Fundi alikuwa akijifanya anatafuta kitu jikoni. Alijua mambo mawili ambayo yangeivuruga sebule ile. Siku ya usaili alikuwepo: baba mtu alitoka nje ili asipige kura, na aliyempigania yule msichana mpaka akapita alikuwa Zumari mwenyewe. La pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka mmoja na nusu nyuma koo la Zumari liliugua, na likapona nusunusu. Nyimbo mbili za juu za sehemu ya pili hazikutoka tena kwa uhakika kinywani mwake. Fundi alizirekodi alasiri moja ukumbi ukiwa mtupu, koo likiwa na nafuu, na tangu hapo kila Jumamosi alibonyeza kitufe, Zumari akafungua kinywa, watu wakasimama kupiga makofi. Waliojua ni watatu: Zumari, mwongozaji na yeye. Alikuwa ameapa kutosema, na kiapo kile kilimkaa kifuani kama tonge lililogoma kushuka.

Kisha mashabiki wakaandika barua ya kutaka Mtoto wa Mgongoni aondolewe. Mwenyekiti akamkabidhi mumewe aifikishe kwa uongozi. Fundi aliitia mkobani, akazunguka nayo siku tano. Kila mkewe alipouliza, alijibu kwamba mwongozaji hajapatikana.

Jumamosi ile alitoka nyumbani bila miwani. Mkewe alikuwa na tiketi yake kama kawaida, basi akampelekea miwani kule kichumbani wakati wa mapumziko. Kabla hajatoka, taa zikazimwa na sehemu ya pili ikaanza. Mlango wa kile kichumba ulikuwa na mlio mbaya, kwa hiyo Fundi hakuwa na la kufanya ila kumwashiria abaki. Mwenyekiti akasimama nyuma ya kiti chake. Wimbo wa kwanza kati ya zile mbili ulipofika, kidole cha Fundi kilisita. Kule jukwaani Zumari alishainua mikono. Akabonyeza. Kitaa cha kijani kikawaka, sauti ikajaa ukumbini. Hakugeuka hadi pazia liliposhuka.

Watu walipokwisha kutoka, alianza kukunja nyaya zilizokuwa zimeshakunjwa. Mwenyekiti alikuwa ameketi juu ya sanduku la spika.

"Umeona," Fundi akasema.

"Leo nimeona. Kusikia nilisikia zamani."

Akamweleza pole pole. Yeye ameimba kwaya tangu shuleni. Anajua kwamba sauti ya mtu haifanani na yenyewe siku mbili mfululizo. Ya Zumari ilifanana kila Jumamosi: pumzi ilivutwa palepale, na kwenye neno la mwisho kulikuwa na mkwaruzo mdogo, uleule, kwa mwaka mzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, baba watoto. Nilisema nikifungua mdomo, watakayemtilia shaka ni wewe, na kazi utaikosa. Nikaona bora nipige kelele za sifa kuliko wote."

Fundi akaketi sakafuni na nyaya zake mapajani. Mwaka mzima walikuwa wamefichana kitu kilekile, kila mmoja akimlinda mwenzake. Kicheko kilianza kwake, kikamshika na mkewe, wakacheka mpaka mfagiaji akachungulia mlangoni. Fundi alihisi kifua kimekuwa chepesi, kama aliyetua gunia.

Akatoa barua mkobani. Mwenyekiti aliitazama saini yake, uso ukamshuka. Alikiri kwamba yule msichana hakumkosea lolote. Alichoogopa ni kwamba watu wakimsikia, watagundua Zumari amepungukiwa na nini. Akaikunja barua, akaitia kwenye sidiria, akasema kesho atakuja.

Jumapili alikaa mstari wa tatu. Kwenye wimbo wa pili sauti ya msichana ilikatika kidogo; akaidaka, akaendelea, na alipomaliza alikuwa akihema. Mwenyekiti akasimama akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Jumatatu aliwaambia mashabiki kwamba amemsikia yule binti kwa masikio yake, hakubebwa na mtu, na barua ameichana. Siri ya Zumari hakuigusa. Muuza vitambaa alikasirika, akaanzisha kundi lake. Lilidumu wiki mbili, likiwa na watu wawili, mmoja akiwa shemeji yake.

Zumari naye hakungoja kusukumwa. Mwezi uliofuata aliwaambia wenzake wote ukweli, kisha akamwachia yule msichana nafasi yake, naye akaomba sehemu ya mama mzazi wa mhusika mkuu, ambayo nyimbo zake ziko chini, mahali koo lake linapofika.

"Nimechoka kufungua kinywa kitupu," alisema. "Fundi, kazifute zile nyimbo. Nije nione."

Alizifuta Zumari akiwa amemshika bega. Jumamosi yao ya kwanza waliimba pamoja, Zumari akiwa mama na yule msichana akiwa binti, na mikono ya Fundi ilikuwa na kazi ya kupandisha na kushusha sauti tu.

Jumatatu Fundi aliketi kochini pamoja na mashabiki, akatamka kwa mara ya kwanza katika sebule ile kwamba Zumari alichelewa kidogo kwenye wimbo wa pili.

"Hakuchelewa," Mwenyekiti akamkata. "Wewe ulichelewa kumpandisha."

Wote wakamgeukia Fundi, naye akasogea ukingoni mwa kochi kujitetea.