Karavati la Mama Mkwe

Miaka michache baada ya Uhuru, wakubwa waliamua kwamba barabara ya kwenda mpakani Busia ni aibu, na kusema kweli ilikuwa aibu. Mvua ikinyesha, malori ya kwenda Uganda yalizama hadi kwenye ekseli, na sisi wenye hoteli kando ya barabara tulifurahi sana, kwa sababu dereva aliyekwama hunywa chai nyingi. Mimi na mume wangu tulikuwa na chumba kimoja cha udongo chenye paa la mabati, meza za mbao na jiko la nje upande wa nyuma. Mimi nilipika mandazi na maharagwe. Yeye alihudumia wateja, kwa sababu nilikuwa na ulimi mkali na madereva wengine hawakuuweza.

Basi greda zikaja, barabara ikapanuliwa na kumwagwa murram, ile changarawe nyekundu, na upande wetu ukachimbwa mtaro wa kupitisha maji. Huo mtaro sijaona mfano wake. Mtu mzima akisimama ndani, ulichoona ni kofia tu. Maduka, hoteli yetu na soko lililokuwa nyuma yetu vikabaki upande mmoja, barabara upande mwingine. Kwa nyuma soko lilipakana na kinamasi cha mafunjo ambacho hata ng'ombe walikikwepa, kwa hiyo huko hakukuwa na njia. Baraza likatuwekea karavati moja, yaani bomba kubwa la saruji lililofukiwa udongo juu ili watu wapite. Na hilo karavati, kwa bahati ambayo majirani hawakutusamehe, liliwekwa mbele kabisa ya mlango wetu.

Nilicheza siku hiyo, na mtoto mgongoni. Kila aliyekwenda sokoni, awe anauza au ananunua, ilibidi apite pale kwangu na anuse mandazi yangu. Mwenye duka la chumvi, aliyekuwa mwisho kabisa wa safu karibu na mashine ya kusaga, alinuna hata akaacha kunisalimia. Nikamsalimia mimi, kwa sauti kubwa zaidi kuliko kawaida.

Furaha hiyo haikumaliza juma. Nilikuwa nimemsahau mama yangu.

Mama alikuwa mjane aliyekaa ndani huko Bukhayo, na kazi yake ilikuwa samaki wa moshi. Alinunua ngege na kamongo kwa wanawake waliotoka Budalang'i, akawauza katika soko letu, mahali palepale alipokuwa akikaa tangu mimi nikinyonya. Sisi wote tulikula kutokana na kile kipande cha ardhi. Sasa, kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono wala hawali pamoja. Kabla ya mtaro, mama aliingia sokoni kwa upande ule wa mashine ya kusaga, mbali nasi, na yeye na mume wangu waliishi vizuri sana bila kuonana. Sasa njia ilikuwa moja, nayo ilipita kwenye pua ya mkwe wake. Na juu ya karavati hakuna kichaka.

Tulijaribu. Siku za soko nilisimama mlangoni, na nikimwona mama kwa mbali na kikapu chake kichwani, niligonga mfuniko wa sufuria. Mume wangu alikimbia akachuchumaa nyuma ya magunia ya makaa. Mama aliusikia mfuniko, akavuta kitambaa usoni, akapita mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Wateja walishangaa. Dereva mmoja aliachwa ameshika kikombe kitupu, akauliza, "Mama, kwani huyu boss ametoroka polisi?" Nikamwambia anyamaze anywe chai. Kikombe kilikuwa kitupu bado, akanionyesha, tukacheka wote.

Halafu ikaja siku mfuniko haukusaidia. Mume wangu alikuwa ameteremka mtoni kuteka maji na mimi nilikuwa jikoni na unga hadi viwikoni. Yeye akawa anarudi kutoka barabarani na madebe mawili, mama naye akawa anatoka sokoni. Wakakutana katikati ya karavati. Kushoto mtaro, kulia mtaro. Mume wangu aliangusha madebe, maji yote yakamwagika, akageuka na kurudi barabarani; nilipotoka jikoni kwa ule mshindo alikuwa akikimbia hata nikadhani hatasimama hadi Kampala. Mama aligeuka pia, akakaa sokoni mpaka jua likazama, ndipo akaenda nyumbani.

Siku ya soko iliyofuata mama hakuja. Nilimwendea. Nilimkuta anapepeta mtama, mtulivu kabisa, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama angelia.

"Mwanangu," akasema, "mimi siwezi kumvua nguo mume wako mbele ya watu kila Jumamosi. Mpaka kuwe na njia nyingine, mimi nakaa hapa."

"Na samaki?"

"Samaki watauzwa na wengine."

Alisema hivyo huku akijua sheria ya soko kuliko mimi. Mahali pakikaa wazi kwa muda, anayepakalia ndiye mwenyewe, na hakuna wa kumlaumu. Tayari mwanamke mmoja wa matoke kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa ameanza kutua mikungu yake pale, kwanza mmoja pembeni, kisha mwingine katikati. Kila siku ya soko nilikwenda nikaisukuma kwa mguu. Aliirudisha kabla sijafika mlangoni pangu. Mama akipoteza mahali pale, hapakuwa na pengine pa kumweka, na umri wa kuanza upya ulikuwa umempita. Nilikonda kwa mawazo.

Ndipo ikatangazwa kwamba kamati ya barabara ya baraza itakuja kusikiliza malalamiko ya watu waliozibiwa njia. Walikutana katika darasa la shule ya msingi, nami nikaenda na mume wangu. Wazee wenye makoti na kofia walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu, na nilifurahi kuwaona hivyo. Mbele walikaa madiwani, na ofisa wa barabara, kijana aliyetoka Pwani, ambaye Kiswahili chake kilinyooka hata tukaona haya kufungua midomo.

Malalamiko yalikuwa mengi na mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mzee mmoja alitaka karavati la kupitisha lori hadi mlangoni pake. Ofisa akamuuliza lori lake ni la aina gani. Mzee akasema hana lori, ana baiskeli, lakini Mungu ni mkubwa. Mwingine alilalamika kwamba mtaro umemtenga na choo chake, nacho kilikuwa ng'ambo ya barabara, na hapo hakuna aliyecheka kwa sababu tuliona ana haki. Mwenye duka la chumvi alizungumza muda mrefu juu ya dhuluma, akinitazama mimi.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na mtoto mgongoni. "Mimi nataka karavati ingine kule mwisho," nikasema. "Mama yangu hawezi pita kwangu."

"Kwa nini hawezi?" ofisa akauliza. "Ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Ni vile bwana yangu iko pale."

"Wamegombana?"

"Hapana. Wanapendana sana."

Ofisa akaweka kalamu chini. Darasa zima lilikuwa limeelewa tangu sentensi ya kwanza, na madiwani walikuwa wakitazama dari. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumweleza mgeni. Mwishowe diwani wa upande wa Adungosi, mtu mnene wa kabila la Wateso, mwenye huruma, akajitolea. "Bwana ofisa, mkwe na mkwe hawapiti daraja moja. Hata kwetu ni hivyo. Hiyo ni kitu kubwa."

"Basi tulipanue," ofisa akasema, akifurahi kwamba amepata jambo la vipimo. "Upana gani utawatosha?"

Madiwani walishauriana kwa dhati kabisa. Mmoja alisema upana wa malori mawili. Mwingine akasema hata ukipanua kama uwanja wa mpira, macho hayapimwi kwa futi. Mwenyekiti, ambaye kila mtu alijua kwamba huzunguka mlima mzima ili asipite boma la mama mkwe wake, alisema polepole kwamba upana hautasaidia.

"Basi nasikitika," ofisa akasema. Na alisikitika kweli, ilionekana usoni. "Bomba limebaki moja tu, nalo ni la soko la Adungosi." Yule diwani mwenye huruma akaikunja mikono yake kifuani, na huruma yote ikamtoka.

Nilikaa. Mwenyekiti alikwisha kumwita mtu mwingine, na mimi nilikuwa nikifikiria jinsi ya kumwambia mama, niliposikia dawati letu likilia kando yangu. Mume wangu alikuwa amesimama. Huyu ni mtu ambaye siku ya kuja kuniposa alisemewa na ndugu zake mwanzo hadi mwisho, akafungua mdomo kula tu.

"Mimi naomba," akasema, "mtoe hiyo karavati kwa mlango yangu. Mpeleke kule mwisho, kwa mashine ya kusaga."

Ofisa akainama mbele. "Bwana, tangu asubuhi watu waniomba njia. Wewe waniomba nikuondolee yako?"

"Ndiyo, bwana ofisa."

"Na biashara yako?"

Mume wangu alifikiri kidogo, kwa sababu hakupenda kudanganya. "Itaumia," akasema. "Lakini ile mama atakaa kwa nyumba mpaka afe, na ni sababu ya mimi. Hiyo siwezi lala nayo."

Akaketi. Aliyepiga makofi kwanza alikuwa mwenye duka la chumvi, naye alipiga kwa nguvu za mtu aliyepewa karavati bure. Wengine wakafuata, lakini taratibu, na wazee wengine walivua kofia. Mimi sikupiga. Nilimfinya pajani chini ya dawati hadi akakunja uso. Hakuwa amenishauri! Mlango wangu, mandazi yangu, foleni yangu ya Jumamosi, vyote amevitoa mbele ya watu bila hata kunitazama. Na amevitoa kwa ajili ya mama yangu mimi, kwa hiyo sikuwa na njia ya kulalamika. Tulipofika mlangoni niliketi juu ya karavati letu nikalia, na hadi leo siwezi kusema ni hasira kiasi gani na ni upendo kiasi gani.

Baraza lilikubali, na vibarua wakaja kulifukua. Mume wangu aliwapikia vibarua chai yeye mwenyewe, akawasaidia kuliviringisha lile bomba kando ya mtaro hadi kwenye mashine ya kusaga, na alirudi amejaa udongo, anacheka. Mbele ya mlango wetu palibaki shimo refu kama kwa wengine wote. Wateja walipungua, siwezi kusema uongo. Waliobaki walikuwa wale madereva waliotuzoea, waliosimamisha lori na kupiga kelele kutoka ng'ambo, "Mama, chai mbili na mandazi!" kisha wakamtuma taniboi, yule msaidizi wa lori, kuruka mtaro. Mmoja aliruka vizuri kuja, akaruka vibaya kurudi, akatua ndani ya mtaro na chai yote. Tulimvuta kwa kamba. Aliuliza mandazi yaliyolowana yatawekwa kwenye hesabu ya nani, nikamwambia ya mtaro. Jioni hizo tulicheka kuliko tulipokuwa na pesa.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, nilikwenda mapema nikakaa mahali pa mama, juu kabisa ya mikungu ya matoke, nikangoja. Alikuja kwa upande wa mashine ya kusaga, kichwa juu, kikapu kimetulia, bila kukimbia. Yule mwanamke wa matoke alimwona, akaamka, akachukua mali yake, na hata akafagia kidogo kwa kiganja kabla ya kuondoka.

Jioni, samaki walipokwisha, mama hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia nyuma ya maduka hadi kwenye jiko langu, akaketi juu ya kigogo, mgongo ukiegemea ukuta wetu wa udongo. Ndani, upande wa pili wa ukuta uleule, mume wangu alikuwa anafuta meza. Mkwe hasemi na mkwe wake. Akiwa na neno, humpa mtu wa tatu. Kwa hiyo mama alinitazama mimi niliyekuwa mbele yake, lakini alisema kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali.

"Mwambie huyo mwenye nyumba," akasema, "kwamba mimi nilizaa wasichana watupu. Watu walinicheka kwa hiyo, na baba yako alikufa akinihurumia. Mwambie walikosea. Mvulana ninaye."

Kitambaa kilichokuwa kikifuta meza kikasimama. Nikasikia mume wangu akipenga kamasi, kisha sauti yake, nzito, ikipitia ukutani.

"Mwambie mama chai yake iko hapa. Nimeweka sukari mingi."

Niliingia kuichukua, nikazunguka nayo nyuma, nikampa mama.