Wapima reli walikunywa chai yetu

Leo mama yangu amewapikia chai watu waliokuja kutuhamisha.

Hakujua. Hata mimi sikujua.

Walifika asubuhi hapa nyumbani Kisian, vijana watatu na mashine ya kupima. Mama alidhani wamekuja kurekebisha reli ya zamani inayopita nyuma ya boma letu. Akawaletea chai na nduma za kuchemsha, akawaita "wanangu".

Wakala. Wakashukuru vizuri kabisa.

Halafu mmoja akapaka alama nyekundu kwenye kaburi la Baba.

Mama akamuuliza polepole, "Kwani reli si iko kule?"

"Ile ni nyembamba, Mama, inakata kona. Hii mpya ni pana na treni yake inaenda mbio, haiwezi kukata kona kama ile. Itapita hapa."

"Na huyu aliyelala hapa?"

Kijana akainamisha kichwa. "Pole, Mama. Mimi nimetumwa kupima tu."

Wameenda. Mama bado amekaa kando ya kaburi, amekataa kuingia ndani. Anaongea na Baba kwa Kijaluo, anamweleza taratibu kwamba atahamishwa.

Wale ambao reli au barabara ilishapita kwenye makaburi yenu, mlimwambia nini mama?