Siku Soko na Huria Walipovuta Gari Langu la Umeme

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini juzi pikipiki ya umeme ilinipita pale Mkolani kimya kama paka, nikajikuta nacheka peke yangu barabarani, na sasa bora niwasimulie mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia.

Miaka ya tisini nilirudi Mwanza na diploma ya umeme kutoka Bulgaria (nilihangaika mwenyewe, sikubebwa na mtu), nikakuta milango ya biashara imefunguliwa na kila mtu anajiona tajiri kwa gari lililokwisha kutumika Japani. Nikasema, hao wameagiza, mimi nitaunda! Nikapata pikapu isiyo na injini, nikafunga mota iliyotoka kwenye mashine ya kunyanyulia marobota ya pamba, nikapanga betri za malori nyuma, na likatembea, bila moshi, bila mngurumo. Nikawatangazia watu kwamba ipo siku vituo vya mafuta vitageuzwa maghala ya mpunga.

Sasa, siku ya kwenda kumposa Kabula kwao, nje kidogo ya Magu, nilijua baba yake ameapa kutomtoa binti yake kwa mtu wa maneno matupu. Ndiyo maana nilitaka gari liseme. Hesabu zangu zilikuwa safi: betri zingetufikisha, na kwa kuwa karibu na nyumba yao nilishaona nguzo za umeme, ningechaji huku wazee wakizungumza. Tukaondoka na Mjomba Masanja, mshenga wangu. Tulipofika stendi ya Buzuruga mpiga debe mmoja akapaza sauti, "Oya, hilo gari au jokofu?"

Ningepita tu. Sikupita. Nikaizunguka stendi mara sita, honi juu, taa zinawaka mchana, kaseti inalia, Mjomba ananivuta shati: "Mpwa wangu, ukweni hatujafika."

"Mjomba, mwenye diploma hapa ni nani?"

Basi gari likaanza kulegea tukiiona kabisa nyumba ya wakwe, likafia katikati ya majaruba ya mpunga, na akina mama waliotoka kutupokea wakakatisha vigelegele. Mzee akaja mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Linakula nini hili?"

Mjomba akanikanyaga mguu (siku hiyo anayesema ni mshenga, mposaji anafunga mdomo), lakini mimi huyo: "Umeme, baba. Nitachomeka kwenye zile nguzo."

Akazitazama nguzo, akanitazama mimi. "Hizo hazijawahi kuona waya, mwanangu. Tunafungia mbuzi."

Wakaletwa ng'ombe wake wa plau, Soko na Huria (ndiyo majina ya wakati ule), wakafungwa kwenye bampa, nami nikaingia ukweni na suti yangu ya Bulgaria, nimeshika usukani, nikiongozwa na mikia miwili.

Mzee akamwambia Mjomba, "Mtu wenu ana akili, nimeiona. Binti yangu atamchukua siku gari hilo litakapofika hapa lenyewe."

Kuzifufua zile betri kulinichukua msimu mzima wa mvua. Safari ya pili nilipita Buzuruga taa zimezimwa, honi sikuigusa, mpaka Mzee akashtuka kuniona uani. Akalizunguka gari, akainama kutazama chini, kisha akaita, "Kabula, mgeni wako amefika."

Tangu siku hiyo sizunguki mahali kujionyesha. Au niseme, si mara nyingi. Maana nilipomsimulia Kabula ile pikipiki ya Mkolani, nikaanza, "Si nilisema mimi...", hakuniacha nimalize.

"Ng'ombe wake," akauliza, "ulipishana nao wapi?"